Albadiri ni nini, na kwa nini inaogopwa?

Mtu akiibiwa pesa za kikundi au mbuzi wake, na kila njia ya kumpata mwizi ikashindikana, kuna kauli moja inayofanya mtaa mzima utulie: "Nasoma albadiri." Wengine huiita halbadiri.

Albadiri ni kisomo cha dua kinachotaja majina ya masahaba wa Mtume Muhammad waliopigana vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, yaani 624 Miladia. Waislamu siku ile walikuwa kiasi cha 313 mbele ya maadui zao, Makureshi wa Maka, wapatao 1,000, na wakashinda. 14 kati yao walikufa mashahidi. Msomaji huomba kwa hadhi ya majina hayo. Kisomo chenyewe si laana, kwani husomwa pia kuomba kinga na faraja. Ila kwetu, Tanzania na pwani ya Kenya, sifa yake kubwa ni kumsomea mwizi, anayeaminiwa kuwa asiporudisha atapatwa na balaa kama kuvimba tumbo au kupooza.

Aliyeibiwa humwendea mwalimu wa dini. Mwalimu makini hasomi papo hapo. Kwanza hutaka jambo litangazwe, msikitini, sokoni, siku hizi hata kwenye kundi la WhatsApp: aliyechukua arudishe kabla ya siku fulani. Na hapo ndipo mali nyingine hurudi, zikakutwa alfajiri zimeachwa mlangoni kabla hata jina la kwanza halijasomwa. Tangazo limeshafanya kazi.

Kwa hiyo wengi hawaiiti uchawi. Mchawi hujificha, na anayerogwa hajui hata nani kamroga. Albadiri lazima isikike. Kilichofichika ni elimu yake tu: majina yale na namna ya kuyapanga viko kwa Kiarabu, mikononi mwa waliosoma, na msikilizaji asiyeelewa hata neno moja hujaza mwenyewe kile anachokihofia. Pwani ilishazoea hukumu za namna hii. Zamani kulikuwa na kiapo cha shoka lililopashwa moto, na kiapo cha mkate uliosomewa, ambao mwizi aliaminiwa hawezi kuumeza.

Masheikh hawakubaliani. Wapo wanaoiona ni dua ya aliyedhulumiwa, na wapo wanaoipinga kabisa wakisema ni uzushi usio na msingi katika dini. Serikali nayo ina la kusema: Sheria ya Uchawi ya 1928, ya enzi za Tanganyika, humtia hatiani hata anayetishia kutumia uchawi. Kutishia tu kunatosha.

Mimi hofu yangu iko kwingine. Kisomo kikishapita, yeyote atakayevimba tumbo au kupooza hapo mtaani huonekana ndiye mwizi. Mgonjwa wa ini asiye na kosa anakimbiwa na majirani, na wanawe wanaitwa wana wa mwizi. Mwenye kutangaza, basi, ataje kilichoibiwa na siku ya mwisho ya kukirudisha. Jina la anayemshuku alipeleke polisi, asilitoe mtaani.