Je, Wajua? Ndege Zimejaa Abiria, Mbona Hisa Zake Zaporomoka?

Jumatano ya tarehe 9 Aprili 2025, shirika la ndege la Delta la Marekani liliianza siku kwa khabari nzito. Asubuhi lilitangaza kuwa haliwezi tena kusimamia makisio yake ya faida ya mwaka mzima, kwani vita vya ushuru vya Rais Donald Trump vimewatia watu wasiwasi na ukataji wa tiketi umepoa. Mchana wa siku ileile, Trump akatangaza kusitisha sehemu kubwa ya ushuru huo kwa siku 90. Kwetu Unguja ilikuwa yapata saa 2 usiku, watu ndiyo kwanza wanatoka msikitini. Soko la New York lilipofungwa, hisa za Delta zilikuwa zimepanda kwa takriban asilimia 23, na za United kwa asilimia 26.

Ndege za Delta zilikuwa zilezile za asubuhi, na rubani, njia na deni vilevile. Kilichobadilika ni tamko la mtu mmoja.

Nilikumbuka siku ile nilipoulizwa swali na kijana mmoja pale barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, naye ni dereva wa teksi: "Ami, mimi nashinda Kisauni, uwanja wa ndege. Ndege zateremsha wageni usiku na mchana, mpaka wengine hatuwahi kulala. Vipi nasikia hisa za ndege hazitulii, mara zaporomoka?" Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, maana linagusa jambo ambalo hata matajiri wakubwa limewachanganya.

Mpemba ataelewa haraka kwa mfano wa kukodi mikarafuu. Anayekodi halipii karafuu zilizokwisha kuanikwa jamvini. Anautazama mti, anakisia utatoa pishi ngapi, anawaza mvua itanyesha wakati wa kuanika au la, wachumaji watapatikana au la, na bei ya Shirika la serikali linalonunua karafuu itatangazwa ngapi. Kwa makisio hayo ndipo anataja pesa yake. Akisikia uvumi mbaya kabla ya kukubaliana, atashusha, ingawa mti haujadondosha hata ua moja. Hisa ni hivyo hivyo. Anayenunua hisa ya shirika la ndege leo hanunui abiria aliowaona wakishuka Kisauni. Ananunua fungu la faida inayotarajiwa mwakani, na mwaka wa pili, na wa tano.

Basi kwa nini ndege ziyumbe kuliko benki au kampuni ya saruji, ambazo hisa zake nazo ni makisio ya kesho? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Faida ya ndege ni nyembamba mno. IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, ilikadiria katikati ya mwaka 2025 kwamba mashirika yote kwa pamoja yangebaki na faida ya kama dola 7 kwa kila abiria. Kwa shilingi zetu hiyo ni elfu kumi na kitu, pesa isiyokufikisha Dar kwa boti. Mtu amevushwa bara zima, amelishwa, amebebewa mizigo, na kilichobaki mkononi mwa mwenye ndege ni hicho. Ukiwa na pato la unene huo, upepo mdogo tu unakutoa kwenye faida ukakutia kwenye hasara.

Na gharama hazingoji. Ndege iliyokodiwa inalipiwa kila mwezi, iruke isiruke. Marubani, mafundi, bima, yote yanadai. Kiti nacho kina tabia ya ajabu: samaki wa mnada wa Malindi akikosa mnunuzi atatiwa barafu mpaka kesho, lakini kiti kilichoruka kitupu hakiwekeki barafuni. Ndege ikishaondoka, pesa ya kiti kile imekwenda moja kwa moja. Ndiyo maana hofu ndogo ya watu kusafiri inatafsiriwa sokoni kuwa hasara kubwa.

Halafu kuna mafuta. Hula robo hadi karibu theluthi ya matumizi yote ya shirika, na bei yake haipangwi na mtu wa ndege. Tarehe 13 Juni 2025 Israel iliposhambulia Iran, bei ya mafuta ghafi iliruka kwa takriban asilimia 7 kwa siku moja, na hisa za mashirika ya ndege Ulaya na Marekani zikashuka siku hiyohiyo. Siku kumi baadaye Qatar ilifunga anga yake kwa muda. Kwa Zanzibar jambo hili si la mbali, kwani Doha, mji mkuu wa Qatar, ni mlango mmojawapo wa wageni wetu.

Lakini hebu simama Kisauni ujiulize: kati ya ndege hizi, ni zipi ambazo mimi naweza kumiliki kipande? Qatar Airways ni mali ya serikali ya Qatar. Ethiopian ni ya serikali ya Ethiopia. Air Tanzania ni ya serikali yetu ya Muungano. Hizo hazina hisa sokoni. Turkish Airlines inauzwa katika soko la Istanbul, na KLM imo ndani ya kundi la Air France-KLM lililoorodheshwa Paris na Amsterdam. Kwa upande wetu huku ni Precision Air, iliyouza hisa kwa umma mwaka 2011 kwa shilingi 475 kila moja na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na Kenya Airways, ambayo imeorodheshwa Nairobi tangu 1996 na baadaye Kampala na Dar.

Wengi hudhani shirika la serikali limeepukana na misukosuko hii. Halikuepuka. Mafuta yanalipandia bei vilevile, dola inalipandia vilevile, ila halina bei ya kila siku ya kuwaonyesha watu kwamba linaumwa. Homa ipo, kipimajoto hakipo, na dawa inanunuliwa kwa kodi. Kwa maoni yangu, soko la hisa pamoja na pupa zake zote lina heshima hii: linasema hadharani.

Kenya Airways ndiyo skuli bora ya jambo hili katika ukanda wetu, na inafaa tukae nayo kidogo. Serikali ya Kenya ilipoibinafsisha miaka ya tisini, KLM ilichukua asilimia 26 na wananchi wakauziwa hisa kwa shilingi 11.25 za Kenya. Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka mingi. Kisha likaja deni la kununua ndege mpya, likakutana na hofu ya ugaidi iliyopunguza watalii Kenya na hofu ya Ebola ya mwaka 2014 huko Afrika Magharibi. Mwaka wa fedha wa 2015/16 shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 26.2 za Kenya. Mwaka 2017 madeni ya mabenki yakageuzwa kuwa hisa mpya. Serikali ikabaki na asilimia 48.9, kampuni ya mabenki yanayodai ikapata 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8. Mwananchi wa kawaida aliyenunua kwa mapenzi ya bendera alijikuta fungu lake limekuwa tone ndani ya pipa, na hakuwa ameuza hata hisa moja.

Mwaka 2019 Bunge la Kenya likaunga mkono mpango wa kulitaifisha shirika hilo. Julai 2020, huku serikali ikijiandaa kulichukua, biashara ya hisa zake ikasimamishwa ikiwa bei ni shilingi 3.83. Ikafungwa kwa miaka minne na nusu. Mtu aliyekuwa na shida ya harusi, ugonjwa au karo hakuweza kuuza hata kwa hasara. Hiyo ndiyo hatari ya siasa ambayo haimo kwenye hesabu za mafuta wala viti.

Ndani ya kipindi hichohicho, Tanzania na Kenya zilivutana mara mbili. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2020 Tanzania iliizuia Kenya Airways kuja Dar, Kilimanjaro na Zanzibar, katika mzozo wa masharti ya Uviko, na zuio likaondolewa Septemba. Januari 2024 tena, mamlaka ya anga ya Tanzania ikatangaza kusitisha safari za abiria za shirika hilo kati ya Nairobi na Dar, kujibu Kenya kuinyima Air Tanzania ruhusa ya kubeba mizigo. Ilimalizwa kwa mazungumzo kabla ya siku ya utekelezaji kufika. Katika soko lililo wazi, matangazo kama hayo yangeonekana kwenye bei ndani ya dakika. Lakini hisa zilikuwa kifungoni, kwa hiyo mara zote mbili hakukuwa na bei ya kusema lolote.

Zilifunguliwa Januari 2025, baada ya mpango wa kutaifisha kuachwa. Machi, shirika likatangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 za Kenya kwa mwaka 2024, ya kwanza kwa zaidi ya muongo. Watu wakashangilia. Aliyesoma vizuri aliona kwamba shilingi ya Kenya kuimarika mbele ya dola ndiko kulikosaidia sana. Miezi michache mbele, nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya zaidi ya bilioni 12, sababu kubwa ikiwa ndege tatu aina ya Boeing 787 kukaa chini kwa matatizo ya injini. Shirika lina tisa tu za aina hiyo. Abiria walikuwapo, ndege hazikuwapo. Hapo ndipo mwenye teksi wa Kisauni angepata jibu lake: wingi wa watu na faida ni vitu viwili.

Na si kwamba hisia za wawekezaji huenda upande mmoja. Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu. Soko la ndege hufikiri vivyo hivyo. Spirit, shirika la nauli nafuu la Marekani, lilipoomba kwa mara ya pili kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwishoni mwa Agosti 2025, hisa za washindani wake Frontier na JetBlue zilipanda. Wawekezaji walikwisha kuhesabu abiria watakaokosa pa kwenda.

Hata mabingwa hukosea majira. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliwahi kuzijutia hisa za USAir (baadaye US Airways) alizonunua mwaka 1989, akaapa kuzikwepa ndege, kisha mwaka 2016 akarudi na kununua hisa za mashirika manne makubwa ya Marekani. Uviko ulipoingia akauza zote, na dunia ikajua mwanzoni mwa Mei 2020. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo khabari ya chanjo ya Pfizer ikatoka, hisa za ndege zikaruka kwa siku moja. Simlaumu. Mwaka ule mashirika ya ndege duniani yalipoteza karibu dola bilioni 138.

Kwetu sisi, hisia hizo hazibaki kwenye skrini za New York. Shirika ambalo hisa zake zimeanguka hukopeshwa kwa masharti magumu zaidi, na likibanwa huanza kukata njia za msimu, zile zinazojaa wakati wa kiangazi na kupwaya masika. Zanzibar ni njia ya namna hiyo kwa mashirika mengi. Mhudumu wa hoteli Nungwi anaweza kupoteza zamu zake za Aprili kwa uamuzi uliofanywa na watu wasiojua Nungwi iko wapi.

Kijana wa teksi aliniuliza mwisho kama anunue za huku kwetu, maana siku hizi mtu hununua hisa za Dar kwa simu. Sikumwambia nunua wala usinunue. Nilimweleza kitu kimoja kuhusu masoko yetu madogo: bei inayoonekana ubaoni ni ya biashara ya mwisho iliyofanyika. Hisa ambayo haina wanunuzi wala wauzaji inaweza kukaa na bei ileile wiki nyingi, na mtu akadhani imetulia, kumbe hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza dalali bei ni ngapi, amuulize kwanza mara ya mwisho hisa hizo ziliuzwa lini, na ziliuzwa ngapi.