Jino Limeng'oka, Waya Umechoma Shavu: Maswali ya Wazazi wa Moshi na Arusha

Mwanangu wa miaka 11 aliangukia kinywa uwanjani, jino la mbele likatoka zima na mzizi wake. Shuleni wakalifunga kwenye karatasi. Lilikuwa bado linafaa?

Lilifaa sana lilipotoka. Karatasi ndiyo iliyolikausha. Mzizi wa jino umefunikwa na utando wenye chembe hai, nazo ndizo zinazolishikiza tena kwenye mfupa. Jino likikaa kavu nusu saa, chembe nyingi zinakufa. Ikipita saa nzima, matumaini ni madogo mno. Kwa hiyo mwokoaji wa kwanza ni mwalimu au mtoto mwenzake, kabla ya daktari.

Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na udongo, limwagie maji safi au maziwa kwa sekunde 10 hivi. Usilisugue hata kidogo. Nakazia hili kwa sababu huku kwetu, hasa Maji ya Chai, Usa River na vijiji vingi vya chini ya Mlima Meru, meno ya kahawia ni ya kawaida kutokana na floraidi nyingi iliyomo kwenye maji. Anayeokota jino la namna hiyo hudhani limechafuka, akalisugua kwa mchanga au kitambaa. Ule ukahawia umo ndani ya jino, hautoki. Zinazotoka ni zile chembe.

Kisha lirudishe kwenye tundu lake, uso wa mbele ukitazama nje, na mtoto aume leso safi taratibu. Mkono ukisita, au kama mtoto amezimia, litie kwenye maziwa mabichi au ya pakiti, yakiwa ya baridi. Mtindi haufai, uchachu wake unaua chembe. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kwenye kikombe na jino likae humo. Maji matupu ni ya kusuuzia tu, si ya kulihifadhia.

Haya yote ni ya jino la ukubwani. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuumiza lile linaloota chini yake. Meno ya mbele kwa kawaida hubadilika kati ya miaka 6 na 8, kwa hiyo la mwanao wa miaka 11 ni la kudumu.

Sisi tuko Rombo. Hiace ikifika Moshi mjini, saa imeshapita.

Ndiyo maana nasema mlirudishe hukohuko, palepale alipoangukia. Mkifika hospitali ya KCMC au Mawenzi (walio Arusha, hospitali ya Mount Meru), daktari atalifunga na meno ya jirani kwa wiki 2 hivi. Mwulizeni pia kuhusu sindano ya pepopunda, hasa kama kidonda kiligusa udongo. Hata mkichelewa, nendeni nalo.

Binti yangu amefungwa waya za kunyoosha meno. Ncha imechomoka, inamchoma shavu usiku kucha.

Pole yake. Chukua kifutio kipya cha penseli, kioshe, uisukume ncha kuelekea kwenye jino. Ikikataa, ikaushe kwa pamba kisha ifunike kwa nta aliyopewa kliniki. Kukata waya nyumbani liwe jambo la mwisho kabisa, kwani kipande kinaweza kuingia kooni. Kidonda asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja.

Kile kidude kinachogundishwa kwenye jino kikibanduka?

Kiache kwenye waya, ampigie simu daktari wake. Akikimeza bila kukohoa, kwa kawaida hutoka chooni. Akikohoa mfululizo au akihema kwa shida, hospitali mara moja.

Kijana kaanguka na bodaboda, mdomo umepasuka, damu haikatiki.

Bana kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua. Asipewe aspirini, inazidisha kutoka damu; akiumwa, panado inatosha. Halafu mwambie afumbe kinywa. Meno ya juu na ya chini yasipokutana kama zamani, au mdomo wa chini ukifa ganzi, yawezekana taya limevunjika. Akiwa alizimia, anatapika au anachanganya maneno, habari ya meno isubiri: apelekwe hospitali kubwa wamwangalie kichwa kwanza, na kama kuna jino lililong'oka, lifuate likiwa kwenye kikombe cha maziwa.