Mama wa Pate na Sifuri Zinazosoma Tano

Jirani yangu hapa South B ni mwenyeji wa kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Juzi alinikuta langoni na mitungi yangu, nasubiri maji ya bauza, akanianza: "Mwalimu, si wewe ndiye wa ngumbaru? Kwetu kuna mtoto wa dada yangu, miaka minne. Kuna mdogo wangu, aliacha shule kidato cha pili. Na kuna mama. Nimempigia mwakilishi wadi kwa ajili ya wote watatu, hashiki simu."

Nilicheka, maana kwa watu watatu alikuwa amebisha mlango mmoja. Kazi yangu ni kufunza walimu wa kisomo cha watu wazima, na swali hili naulizwa karibu kila wiki na watu wa Nairobi wenye wazee na wadogo zao nyumbani.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti chekechea, politekniki za vijiji na vituo vya kulea watoto. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu zikabaki na serikali ya kitaifa, na ngumbaru iko huko huko. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne ni wa kaunti. Chekechea ikikosa mwalimu au uji, mbane mwakilishi wadi. Paa la shule ya msingi likivuja, usimsumbue. Mtafute mbunge, maana fedha za maendeleo ya eneo bunge ziko kwake. Basari nayo huombwa pande zote mbili, ndiyo maana watu huchanganyikiwa.

Lamu ina shida yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote kati ya zote 47, na wametawanyika visiwani na bara. Nairobi tulikuwa 4,397,073. Huku ukifungua darasa la jioni, kesho limejaa. Kule wanafunzi tisa ni mafanikio, na mwalimu wao huenda anasubiri maji yajae ndipo boti ipite. Nimeshaona ratiba nzuri sana zilizoandikiwa ofisini Nairobi zikifa kwa sababu aliyeziandika hakuuliza habari za maji kupwa na kujaa, wala hakujua kwamba mtoto wa kule ana skuli na pia ana chuo, yaani cha Qurani.

Mdogo wake aende politekniki ya kijiji, ambako hawamdai cheti cha kidato cha nne. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, vijana wote wanataka kuchomelea vyuma, nami siwalaumu. Ila huyu, jirani aliniambia, tayari ni seremala, amejifunza kwa ami yake kuchonga milango. Basi asianze upya! Afanye jaribio la ufundi la NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu kwanza, kisha ya pili, hadi ya kwanza. Pale hawakuulizi ulisoma wapi. Unapewa kazi, unaifanya wakikuangalia. Fundi wa miaka ishirini asiye na karatasi hupitwa kazini na kijana wa miezi sita mwenye karatasi, na hilo huniudhi kuliko mengi. Akitaka kumaliza kidato cha nne, ajisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi. Akipata alama, kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoanzishwa 2023, kinachofundisha kwa intaneti. Hapo suala linabaki kuwa bando tu.

Mama ndiye aliyetuchelewesha langoni. "Mama hajui kusoma," jirani alisema, nami nikamkatiza. Je, anasoma Qurani? "Ah, hiyo anaisoma vizuri sana." Basi anajua kusoma! Asichokijua ni herufi hizi zetu za Kirumi.

Nikamsimulia darasa moja nililowahi kukaa kule visiwani, baada ya alasiri. Bibi mmoja alikuwa amekuja na simu yake, hataki a-e-i-o-u, anataka kusoma mwenyewe ujumbe wa M-Pesa kwa sababu mjukuu anayemsomea humpunguzia hesabu. Akaweka kidole mwisho wa mstari, upande wa kulia, akaanza kurudi kushoto. Mwalimu akamgeuza polepole. Alipofika kwenye 1,000 akaisoma bila wasiwasi: elfu moja, mia tano, hamsini na tano. Mwalimu alidhani anabahatisha. Kumbe tano ya Kiarabu, ile inayoonyesha namba za aya, ni kiduara, na sifuri yake ni nukta. Bibi alikuwa amesoma sawasawa kwa hesabu aliyofunzwa akiwa mtoto. Somo la siku hiyo likawa moja tu, sifuri, na halikumaliza dakika kumi.

Jirani akanyamaza. Bauza lilikuwa limeshafika na watu wanasukumana na mitungi, yeye amesimama tu.

"Mwalimu," akasema, "mwezi jana nilimtumia mama elfu moja. Akanipigia kunishukuru kwa elfu moja mia tano hamsini na tano. Nikadhani dada ameongezea."