Tatuu, chale na piko: yasemwayo Tanga na yaliyo kweli

Mjini Tanga mwili uliochorwa husomwa haraka. Kijana akipita Ngamiani na fulana ya mikono mifupi, nge kachorwa mkononi, barazani hawamuulizi kazi yake, wameshaijua. Mvuta bangi. Akiwa ni msichana na ua limechungulia begani, jina atakalopewa ni baya zaidi. Jioni hiyohiyo, barabara ya pili tu kutoka hapo, bibi harusi anapakwa piko kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, na vigelegele vinarindima. Sisemi vitu hivi ni kimoja: piko hutoka baada ya wiki mbili, tatuu mtu huzikwa nayo. Lakini mengi tunayosema juu ya tatuu ni hukumu juu ya aliyeivaa, ila tunaipitisha kwa mlango wa afya au wa dini. Na vijana wanaojibu mapigo nao wana ya kwao yasiyo kweli.

"Haya ni ya kuiga Wazungu, kwetu hayakuwapo"

Anayesema hivi Tanga amesahau mkonge. Miche yake ililetwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mashamba yalipotanuka Pangani, Muheza na Korogwe, Wabondei, Wazigua na Wasambaa walikuwa na makonde yao ya kulima, na wengi hawakuwa na haja ya kukata mkonge wa mtu. Wakaletwa watu wa mbali, vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Miongoni mwao walikuwamo Wamakonde wa kusini na wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, ambao huku waliitwa Wamawia. Waliogopwa, wakataniwa, na kilichotajwa kwanza kila mara kilikuwa nyuso zao.

Nyuso hizo zilikuwa na mistari ya pembepembe mashavuni, mingine kwenye paji na kidevuni. Fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo, akasugua unga wa mkaa ndani ya jeraha, akaliacha lipone. Rangi isipokolea, kazi ilirudiwa. Sasa niambieni tatuu ni nini kama siyo hiyo. Ngozi imefunguliwa, rangi imeingizwa, kidonda kimejifunga juu yake. Leo mashine inanguruma na sindano zinapanda na kushuka, zamani ilikuwa kisu na subira. Na mchoro ule haukuwa wa muhuni. Ulimtambulisha mtu na watu wake, na ulionyesha kwamba amevumilia maumivu ya utu uzima. Kwingineko nchini Wagogo wana alama yao ya paji la uso, na Wabarabaig hujichanja kuzunguka macho, hao wakiacha kovu tu bila rangi.

Kuna jambo moja linalonichekesha kila nikilikumbuka. Waingereza walipoichukua nchi, shilingi iliyotembea huku kuanzia miaka ya 1920 ilikuwa na kichwa cha Mfalme George V. Mfalme huyo, alipokuwa kijana baharia, alishuka Japani mwaka 1881 akachorwa joka mkononi. Kwa hiyo mnyapara aliyemwona Mmakonde mshenzi kwa sababu ya uso wake, siku ya mshahara alimlipa kwa sarafu yenye sura ya mtu mwenye tatuu.

Na hata Wazungu si wenye jambo peke yao, wala hawakulianza juzi. Mwili uliokutwa umeganda kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, una michoro 61.

Halafu kuna chale za mganga. Wapo wazee wanaokunja uso wakiliona nge la kijana, na wao wenyewe wana vistari vyeusi kifuani au kiunoni, walivyochanjwa utotoni kwa wembe na dawa ikasuguliwa humo. Wakiulizwa watakwambia ile ilikuwa tiba. Sawa. Lakini ngozi haijui nia ya aliyeikata.

"Mwenye tatuu ni muhuni"

Mwaka 2023 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliuliza, na watu wazima 32 katika kila 100 wakasema wana tatuu angalau moja. Hakuna nchi ambayo theluthi ya watu wake ni wahuni, ingawa nawajua wazee wa Chumbageni watakaosema hivyo juu ya Marekani bila kupepesa macho. Huko New Zealand, Nanaia Mahuta, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 2020 hadi 2023, ana mchoro wa kidevuni wa wanawake wa Kimaori, na alikaa nao mezani na mabalozi.

Kinachoniudhi zaidi hapa ni mizani miwili. Mwanamume mwenye tatuu huambiwa "ujana, ataacha." Mwanamke mwenye tatuu ndogo kuliko ya huyo haambiwi ataacha. Anatafutiwa historia.

"Piko ni hina tu, haina neno, tatuu ndiyo hatari"

Hapa ndipo tunapoumia, na wanaoumia ni watoto.

Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa, yakatwangwa, yakachekechwa na kukandwa kwa maji ya ndimu. Ikiiva hutoa rangi ya machungwa inayokolea hadi wekundu wa udongo. Nyeusi ti haitoi, hata uipake mara ngapi. Nayo ina taratibu zake: bibi harusi hupakwa, hufungwa vitambaa, hulala nayo, asubuhi ndiyo inabanduliwa.

Piko si hiyo. Tazama inavyotayarishwa saluni. Fundi anachana pakiti ya rangi ya nywele ya unga, anamwaga kwenye kibakuli, anatia maji kidogo na kukoroga kwa njiti mpaka iwe nzito. Njiti hiyohiyo anachovya na kuchora: ua kiganjani, kikonyo kikipanda kwenye kidole cha shahada, majani mpaka kwenye kifundo. Nusu saa imekauka. Inakwanguliwa, na chini yake pana weusi wa wino. Kinacholeta weusi na haraka hiyo ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapofika kichwani. Kuipaka kwenye ngozi ni marufuku. Rangi za nywele za aina hii kwa kawaida huja na onyo la kujaribu kidogo kwanza na kusubiri saa 48. Harusini nani anasubiri saa 48?

Ubaya wake ni kwamba mara ya kwanza inaweza isikufanye kitu. Mwili unaionja, unaiweka akilini. Unapakwa tena Idi, unapakwa tena harusi ya binamu, na safari hiyo ua linavimba. Malengelenge yanafuata mchoro ulivyopita, jani kwa jani, na yakikauka huacha alama nyeupe au nyeusi inayoweza kukaa miezi. Ngozi ikishaikataa PPD, huikataa moja kwa moja: hata uzeeni ukitaka kuficha mvi kwa rangi nyeusi, uso na kope zinaweza kuvimba. Mama anayeapa kwamba mwanawe hatachora tatuu akiwa hai, Idi anampeleka binti wa miaka saba kwenye piko. Mimi ningekuwa na la kusema, ningesema watoto wapakwe hina ya majani, na wakubwa wachague wenyewe wakijua wanachopakwa.

Hayo hayaifanyi tatuu kuwa salama. Hatari yake iko kwenye sindano na wino. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, kwenye tone la damu kavu ambalo jicho halilioni, na kupangusa sindano kwa pamba ya spiriti hakutoshi. Sindano iwe mpya na ifunguliwe mbele yako, glavu ziwe mpya, wino umiminwe kwenye vikofia vidogo na unaobaki umwagwe, usirudishwe kwenye chupa. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo asidhani alichanjwa akiwa mchanga. Wino nao una mambo yake: mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliweka mipaka kwa zaidi ya kemikali 4,000 zinazoweza kuwemo kwenye wino wa tatuu. Chupa inayouzwa bila maelezo yoyote ubavuni haijapita kwenye chujio hilo.

Na wembe mmoja wa mganga uliochanja watu watatu una hatari ileile. Huo mbona hatuusemi kwa sauti?

"Swala ya mwenye tatuu haipokelewi"

Hapa kuna mambo mawili yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. La kwanza ni kweli: hadithi za Mtume zilizomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim zinamlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa, na wanazuoni walio wengi wanasema kuchora tatuu ni haramu. Kijana wa Kiislamu asidanganywe na kipande cha video kinachomwambia mambo yamelegezwa.

La pili ndilo potofu, kwamba udhu haushiki kwa sababu maji hayafiki. Wino hauko juu ya ngozi kama rangi ya kucha. Uko chini ya tabaka la juu, na maji yanaigusa ngozi ya huyo kama yanavyoigusa ya mwingine. Imamu Nawawi, tegemeo kubwa la madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, hakulifanyia jambo hili masihara: alisema mahali palipochanjwa panakuwa na najisi na alama iondolewe ikiwezekana. Lakini akasema pia kwamba mtu akihofia madhara makubwa ya kuiondoa, halazimiki. Akitubu, hana dhambi tena. Na mtoto aliyechanjwa hajijui hana kosa, kosa ni la aliyemchanja. Katika hayo yote hamna mahali mtu ameambiwa aache kuswali. Wa barazani ndio wanaosema hivyo, na kijana akiambiwa swala yake haifiki popote, Ijumaa inayofuata humwoni.

Kwa Wakristo inatajwa Walawi 19:28, na mara nyingi husomwa nusu. Aya yenyewe inaanza kwa kukataza kuchanja chale "kwa ajili ya wafu", kisha ndiyo inakataza kuandika alama mwilini. Makanisa hayafanani katika kuielewa. Wakopti wa Misri, Wakristo wa zamani kuliko makanisa yetu yote ya huku, huchora msalaba mdogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono, na kwao ndio utambulisho wa imani.

"Ukichora, hutatoa damu maisha"

Si kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wachangiaji ni kusubiri miezi 6 tangu siku ya kuchora. Ukifika kuchangia, ukiulizwa, sema tarehe yako bila kuona haya, wahudumu wataamua. Anayeficha ndiye anayemhatarisha mgonjwa.

"Nikiichoka nitaifuta"

Hii ni ya vijana. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kwa nini tatuu haiondoki. Seli za ulinzi ziitwazo makrofaji huja kumeza chembe za wino kama zinavyomeza uchafu wowote, lakini zinashindwa kuusaga. Seli ikifa, wino unamwagika, seli nyingine inaudaka palepale. Yaani mwili wako wenyewe ndio unaoishika tatuu.

Leza huvunja chembe hizo ziwe ndogo zaidi ili mwili uzibebe. Hufanywa mara nyingi, wiki kadhaa zikipita kati ya safari moja na nyingine, na gharama yake huipita ile ya kuchora mara kadhaa. Wino mweusi hutoka vizuri kuliko wa kijani. Kwa ngozi nyeusi kama zetu kuna kikwazo cha ziada: mwale unaolenga wino unaweza kuivuruga rangi ya ngozi yenyewe, pakabaki baka jeupe au jeusi zaidi. Wanaoshindwa kumudu leza hujaribu maji ya betri au chuma cha moto. Hiyo haifuti kitu, inaunguza ngozi tu, na kwa watu wenye asili ya Afrika, ambao huota makovu ya kuvimba kwa urahisi zaidi, jina la mpenzi wa zamani hugeuka kuwa uvimbe wa maisha.

Jambo hili huwaamkia vijana siku ya tangazo la ajira. Mtu mzima kuchora tatuu si kosa la jinai. Ila matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi huandika sharti waziwazi: mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini, na Uhamiaji nao hivyohivyo. Shati la mikono mirefu halisaidii, kwa kuwa mwombaji hukaguliwa mwili. Kijana anayeomba uaskari asome tangazo hilo kwanza, ndipo aende kukaa kwenye kiti cha mchora tatuu.