Ukiona alama kwenye mkono wa rafiki yako

Joto la Dar la mwezi Januari halimwachi mtu avae sweta ndani ya mwendokasi. Rafiki aliyezoea fulana akianza ghafla kuvaa mikono mirefu, akakwepa kwenda kuogelea, akawa na kidonda kipya kila mara na maelezo ni yale yale ya kuparurwa na paka, hapo pana jambo: huenda anajijeruhi mwenyewe. Nasema "ghafla" kwa makusudi. Binti aliyevaa baibui tangu utotoni haonyeshi dalili yoyote kwa kuvaa hivyo. Angalia kilichobadilika.

Kazi yangu ni ushauri nasaha, na swali ninaloulizwa sana na marafiki wa watu wanaojijeruhi ni hili: "Nimzuieje?" Naomba uliweke pembeni kwanza. Wengi wanaojikata au kujichoma hawafanyi hivyo ili wafe. Kuna kitu ndani kimejaa hadi hakivumiliki, na maumivu ya mwili yanakituliza kwa dakika chache. Kisha aibu inaingia, na aibu hiyo ndiyo inayoandaa mara inayofuata. Ukimgombeza, ukimwapisha kwa Mungu kwamba hatarudia, au ukisema anatafuta kiki, unaongeza aibu ile ile. Hataacha. Atahamia sehemu ya mwili usiyoiona, na vidonda vitakosa matibabu.

Kwa hiyo neno lako la kwanza lina uzito. Usilisemee kwenye chumba cha kupanga ambacho jirani anasikia hata mkisonga ugali. Tembeeni, au kaeni ubavu kwa ubavu mahali penye upepo; ni rahisi kusema jambo zito bila kutazamana usoni. Sema ulichokiona, kwa sauti ya kawaida: "Nimeona mkono wako. Pole. Sijaja kukusema, nataka kujua unapitia nini." Halafu nyamaza. Kimya cha dakika mbili kitakutesa, ila usikijaze kwa mawaidha. Usimwombe akuonyeshe alama, wala usimwulize anatumia nini na anafanyaje. Uliza kilichotangulia: siku ile kulitokea nini, alijisikiaje kabla.

Swali moja watu huliogopa, nami nasisitiza uliulize waziwazi: "Kuna wakati unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Kunampa ruhusa ya kulitamka. Hata kama kujijeruhi kwake hakuna nia ya kufa, mtu anayejijeruhi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye kuliko wengine, na nia inaweza kubadilika. Akijibu ndiyo, na ana mpango au ameshaandaa kitu, usimwache peke yake hata kwenda dukani. Mwite mtu mzima anayemwamini, ondoeni karibu naye dawa na chochote alichokusudia kutumia, mwende hospitali usiku huo huo.

Akikwambia "usimwambie mtu", usiahidi. Mjibu hivi: "Sitatangaza mambo yako. Ila nikiona uhai wako uko hatarini nitamwita mtu, na nitakwambia wewe kwanza." Ahadi ya siri utakayoivunja baadaye itamfanya asimwamini yeyote.

Sasa kidonda chenyewe. Kikiwa kinatoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Kila unapoinua unaondoa damu iliyoanza kuganda. Ikikoma, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kuzunguka kidonda, kisha funika. Hakuna spiriti, kahawa, majivu wala dawa ya meno. Ameungua? Maji ya bomba ya kawaida dakika 20, bila barafu. Damu isiyokoma, kidonda kilichoachama kingo, ganzi kwenye vidole au kushindwa kuvikunja ni mambo ya hospitali, tena mapema, maana kidonda kilichochelewa ni kigumu kushona. Ulizieni pia chanjo ya pepopunda.

Akiwa amemeza dawa kupita kiasi, nendeni mara moja hata kama anajisikia mzima na anacheka. Baadhi ya dawa za kawaida za maumivu hazionyeshi chochote siku ya kwanza huku ini likiharibika. Usimtapishe, usimpe maziwa kama tulivyozoea kufanya nyumbani. Beba pakiti ya dawa.

Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Hospitali za rufaa za Amana, Mwananyamala na Temeke ziko karibu na wengi. Fika hapo uulizie huduma ya afya ya akili. Aliye chini ya miaka 18, au wewe unayemsaidia, anaweza kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Wengine hujificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Hofu hiyo isimzuie kutibiwa. Kumwambia daktari ukweli ndiko kunakomwezesha kumtibu ipasavyo. Akitaka pia kwenda kwa sheikh au mchungaji, msindikize, mradi kliniki isiachwe.

Mpango wa siku za kawaida uandikeni kwenye karatasi moja akiwa ametulia, kwa maneno yake. Dalili kwamba hali inakuja. Mambo mawili au matatu anayoweza kufanya, maana msukumo hupanda kisha hushuka: kuoga maji baridi, kutoka nje mpaka penye watu, kumtumia mtu ujumbe wa sauti. Majina matatu ya watu, jina lako lisiwe peke yake. Namba za hospitali. Nani atakaa na dawa za nyumbani.

Mwambie pia mipaka yako mapema, mfano kwamba ukiwa kazini utachelewa kupokea simu, na nani ampigie badala yako.

Anaweza kurudia, pengine baada ya wiki sita nzuri. Siku hiyo usihesabu upya na usionyeshe umevunjika moyo. Angalia kidonda, mfungie, muulize kama amekula, kisha itoeni ile karatasi muone ni mstari gani haukufaa.