Jozi ya kromosomu si kasi maradufu

Wapo wanaodhani kwamba ukiipa algoriti ya kijenetiki (mbinu ya kompyuta ya kutafuta jibu kwa kuiga mageuzi ya viumbe: majibu mazuri huzalishwa, mabaya huchujwa) kromosomu mbili, yaani mifuatano miwili ya alama, kwa kila suluhisho badala ya moja, itafika kwenye jibu kwa kasi maradufu. Sivyo. Kompyuta inabeba mzigo mara mbili, lakini jibu linalopimwa ni moja tu: pale jeni mbili, yaani alama za nafasi ileile kwenye kromosomu hizo, zinapotofautiana, ile tawala ndiyo inayosikika, nyingine inanyamaza.

Faida imo humohumo kwenye ukimya. Jeni iliyojificha haipimwi, kwa hiyo mchujo hauiondoi upesi, inabaki akiba. Mwaka 1987 watafiti David Goldberg na Robert Smith walilijaribu hili kwa fumbo la begi: kuna vitu 17, kila kimoja na uzito na thamani yake, chagua vya kubeba bila kupita kikomo cha uzito. Kisha wakawa wanakipandisha na kukishusha kikomo hicho kila baada ya vizazi kadhaa. Algoriti ya kromosomu moja ilikuwa imeshasahau jibu la zamani. Ile ya jozi, ambayo hata utawala wa jeni zake uliweza kubadilika, ililitoa stoo haraka.

Kwa tatizo lisilobadilika, mathalani njia fupi kati ya miji ileile, sioni sababu ya kujisumbua. Na hata penye mabadiliko, jozi peke yake haitoshi: bila kanuni nzuri ya kuamua jeni ipi itawale, akiba hukaa imefungiwa. Wakati mwingine kuongeza tu mabadiliko ya nasibu kwenye jeni pale masharti ya tatizo yanapogeuka hufanya kazi ileile, tena kwa gharama ndogo.