Filamu ya wadudu wauaji: maana yake, nguvu zake na udhaifu wake

Filamu ya wadudu wauaji ni aina ya filamu ya kutisha ambayo adui wa binadamu ndani yake ni mdudu, ama mmoja aliyekua kupita kiasi, ama kundi zima la wadudu wa kawaida wanaoshambulia kwa pamoja. Buibui, ambaye kwa hesabu ya wanabiolojia si mdudu kwa kuwa ana miguu minane, huingizwa humo humo na hakuna anayelalamika. Watu wakiiita filamu ya namna hii ya kipuuzi hawaitukani, kwani mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba jambo lenyewe haliwezekani, naye amekubali kulisadiki kwa saa moja na nusu mradi na yeye atishwe kweli.

Mfano unaofaa kuanzia ni filamu ya Marekani ya mwaka 1954 iitwayo Them!, inayohusu chungu waliokuwa majitu baada ya majaribio ya bomu la atomu katika jangwa la New Mexico. Kwa muda mrefu chungu wenyewe hawaonekani. Tunaona mtoto wa kike akitembea peke yake jangwani na mwanasesere mkononi, akiwa amepoteza sauti kwa mshtuko; tunaona nyumba ya magurudumu iliyobomolewa, na vipande vya sukari vimetawanyika. Kisha mtoto yule amelazwa katika gari la wagonjwa, mlio mwembamba wa ajabu unasikika kutoka jangwani, naye anainuka taratibu na kuketi huku watu wazima waliosimama kando wakitazama upande mwingine. Mlio unapokoma, analala tena, na hakuna aliyemwona. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo nguvu kuu ya filamu hizi: mdudu anayesikika tu huogofya kuliko mdudu aliyetengenezwa kwa gharama kubwa.

Udhaifu huanza pale mdudu anapojitokeza. Katika Beginning of the End ya mwaka 1957, mwongozaji Bert I. Gordon alitaka panzi wakubwa waivamie Chicago, hivyo akachukua panzi hai na kuwaachia watembee juu ya picha za majengo ya mji huo. Hila hiyo inakubalika kwa sekunde chache, mpaka panzi mmoja anapopitiliza ukingo wa jengo na kuendelea kutembea juu ya anga, na kuanzia hapo hofu inageuka kicheko.

Wapo wanaozilaumu filamu hizi kwa kukosa sayansi, na hesabu iko upande wao. Ukimkuza chungu mara 10 kwa urefu, uzito wake huongezeka mara 1,000 ilhali nguvu ya miguu inayombeba huongezeka mara 100 tu, sembuse kwamba mdudu hupumua kwa vitundu vya mwilini ambavyo visingeweza kuulisha hewa mwili wenye ukubwa wa lori. Mimi lawama hiyo siitii uzito. Kinachoudhi ni filamu yenyewe kumleta profesa atoe maelezo marefu, kwa sababu kadiri anavyoeleza ndivyo tunavyokumbuka kwamba haiwezekani.

The Swarm ya mwaka 1978, inayohusu nyuki wauaji, ilikosea kwa namna nyingine. Chanzo chake kina ukweli: mwaka 1957 nyuki wa Kiafrika waliopelekwa Brazili kwa utafiti walitoroka, wakachanganyika na nyuki waliokuwepo na kuenea barani Amerika. Hao ni jamii moja na nyuki ambao warina asali wa Tabora wamewazoea kwenye mizinga yao ya magome. Filamu iliwakusanya waigizaji wakubwa, akiwemo Michael Caine na Henry Fonda, lakini ikajichukulia kwa uzito mno, na ilipofika kwenye tuzo za Oscar iliteuliwa kwa ajili ya mavazi.

Wadudu wa ukubwa wao halisi, hata hivyo, wanaweza kuibeba filamu. The Naked Jungle, ya mwaka 1954 pia, inahusu chungu wanaosafiri kwa makundi makubwa na kula kila walichokikuta huko Amerika Kusini. Mtazamaji wa kwetu aliyewahi kuamshwa usiku na siafu, akawafungulia kuku haraka na kumwaga majivu mlangoni, atauliza kwanza kwa nini stelingi asiondoke tu mpaka wapite, maana siafu hawamshindi mtu mbio. Filamu hii ina jibu: mtu huyo, aliyeigizwa na Charlton Heston, ameling'oa shamba lake la kakao kutoka msituni kwa miaka mingi, na yuko tayari kuligharikisha lote kwa maji ya mto kuliko kuwaachia chungu.